Uvimbe wa Sirini na Tiba ya Mwanga wa Leza



Ndugu msomaji, mada ya wiki hii ni ya faragha, na sikuiandika bila kusitasita. Nimemwomba mhariri aiache katika kurasa za familia kwa sababu wanaohusika ni watoto wetu wa kiume, kaka zetu na baba zetu, na wanaowahangaikia ni mama na wake zao. Mzazi mwenye desturi ya kusoma gazeti hili kwa sauti mbele ya watoto wadogo anaweza kuuweka ukurasa huu kando mpaka walale.

Katika ofisi ya msikiti wetu lipo daftari la nikahi, na mimi kama katibu ndiye mtunzaji wake. Mwaka jana alinijia kijana wa miaka 24 baada ya sala ya Alasiri. Alisubiri watu watoke, akaketi, akaniomba niifute tarehe yake. Ilikuwa mara ya pili. Nikamwambia, "Mdogo wangu, posa imepokelewa, mahari imekubaliwa, mjomba wako ameshachukua likizo. Kuna ugomvi?" Akasema hakuna. Alinyamaza kitambo, akiangalia mkeka.

"Ustadhi, mimi nina ugonjwa," akasema hatimaye. "Na sijazini."

Maneno hayo ya mwisho aliyatamka kabla sijamuuliza lolote. Ndiyo yaliyonifanya nimfungie mlango wa ofisi na kumsikiliza, na ndiyo yanayonifanya niandike leo, kwa idhini yake, bila jina lake wala mtaa wake.

Tangu balehe alikuwa na kinundu laini chenye rangi ya zambarau kwenye kichwa cha dhakari, pale ambapo vitabu vya fiqhi hupaita hashafa. Mwanzo kilikuwa mfano wa punje ya mtama. Sasa kilikuwa mfano wa kunde. Hakikuuma wala hakikutoa usaha. Kiliwahi kutoka damu mara moja alipojikwaruza, na damu hiyo ilichukua muda kukata. Hakuwahi kumwonyesha mtu. Siku za posa zilipokaribia alikwenda kwa muuza dawa, akaeleza kwa mafumbo, na yule bwana bila ya kutazama chochote akampa dawa za kaswende. Zilipokwisha bila mabadiliko, akampa maji ya kuchomea chunjua. Hayo ndiyo yaliyomletea kidonda, na kidonda ndicho kilichomleta kwangu.

Sikuwa na elimu ya jambo lile. Nilichokuwa nacho ni kauli ninayoirudia kwa kila mwenye kujificha: mwanachuoni huulizwa ya dini, na tabibu huulizwa ya mwili. Nikafuatana naye hadi hospitali ya mkoa, nikakaa nje ya pazia, yeye akaingia.

Daktari alianza kwa kukiponya kidonda kile. Wiki chache baadaye alifanya jambo ambalo kijana alinisimulia njiani tukirudi kama mtu aliyeona muujiza mdogo. Alichukua kipande cha kioo safi, cha aina ile ya kuwekea vipimo vya maabara, akakigandamiza juu ya kinundu. Rangi ya zambarau ikatoweka. Alipokiondoa, rangi ikarudi polepole, mfano wa sifongo inayonyonya maji. "Hii ni damu tu," akamwambia. "Damu yako mwenyewe, imekaa katika mishipa iliyotanuka." Akamwandikia vipimo vya damu vya kaswende na vya virusi vya UKIMWI, vyote vikaonyesha kuwa hana, kisha altrasaundi ya aina ya Doppler, ile inayoonyesha damu inavyokwenda ndani ya mishipa. Jibu likawa kwamba ni uvimbe wa mishipa ya damu usio wa saratani, wa juujuu, usioshikamana na njia ya mkojo wala na misuli ya ndani.

Madaktari huuita uvimbe wa namna hii hemanjioma. Jina hilo lina mchanganyiko wake wa zamani. Mwaka 1982 John Mulliken na Julie Glowacki, watafiti wa Boston, Marekani, walionyesha kuwa kilichokuwa kikiitwa hemanjioma ni vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni uvimbe wa kweli, ambao chembe zake huongezeka. Huu ndio ule unaoota kwa watoto wachanga na baadaye kusinyaa wenyewe. Cha pili ni mishipa iliyoumbika kwa hitilafu tangu tumboni mwa mama. Hii haisinyai, hukua taratibu pamoja na mwenyewe, na mara nyingi hugunduliwa ujanani. Vinundu vingi vya zambarau vinavyoonekana kwenye hashafa ya kijana au mtu mzima ni vya aina hii ya pili, ijapokuwa hospitalini bado vinaitwa kwa jina lile la zamani. Tofauti hii ina maana kwa mgonjwa. Anayeambiwa asubiri kitapotea, kama wanavyoambiwa mama wa watoto wachanga, huenda akasubiri miaka 20 kwa kitu kisichokwenda popote.

Ni ugonjwa nadra. Katika sehemu hiyo ya mwili ni nadra kiasi kwamba madaktari wameandika habari zake zaidi kwa mgonjwa mmojammoja au makundi madogo. Hauambukizi, hautokani na zinaa, wala si alama ya dhambi iliyofichwa. Mtu anaweza kuishi nao mpaka kifo chake bila kudhurika. Hutibiwa pale unapotoka damu, unapouma wakati wa jimai, unapokua, au, kama ilivyokuwa kwa kijana wetu, unapomnyima mtu utulivu hata akaogopa kuoa.

Hapa naomba msomaji asinielewe vibaya. Sisemi kila doa la zambarau ni salama. Iko saratani inayoitwa Kaposi, ambayo katika nchi zetu imefuatana sana na virusi vya UKIMWI, nayo huanza kwa madoa au vinundu vya rangi hiyohiyo, pengine hata sehemu za siri. Mtu hawezi kutofautisha kwa kujitazama bafuni. Daktari naye huwa mwangalifu kabla ya kukata kinyama cha kupima, kwa sababu kama ni mshipa uliotanuka utatoka damu nyingi. Ndiyo maana hutanguliza kioo, altrasaundi na vipimo vya damu.

Sasa tuje kwenye tiba. Zamani njia kuu ilikuwa kisu: kuukata uvimbe na kushona. Kwa kinundu kidogo inawezekana, na bado inafanyika. Lakini hashafa ni nyama laini mithili ya sifongo iliyojaa damu, yenye mishipa mingi ya fahamu, na tundu la mkojo liko palepale. Kisu huacha kovu, na kovu mahali pale huweza kuvuta umbo au kupunguza hisia. Njia nyingine ni kudunga dawa inayoziba mishipa, au kugandisha uvimbe kwa baridi kali ya naitrojeni. Zote zina nafasi yake. Lakini tangu miaka ya 1990 madaktari wa mfumo wa mkojo wa Ulaya na kwingineko wamekuwa wakieleza wagonjwa waliotibiwa kwa mwanga wa leza, wakapona huku umbo na hisia vikibaki kama vilivyokuwa.

Mwanga wa jua au wa taa una rangi nyingi zilizochanganyika, nao hutawanyika kila upande. Wa leza ni wa rangi moja, na huenda upande mmoja kwa pamoja, kwa hiyo nguvu yake huweza kukusanywa mahali padogo sana. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwezi Mei 1960, kwa kijiti cha yakuti nyekundu iliyotengenezwa kiwandani. Mwaka 1964, katika maabara za Bell za Marekani, ikapatikana nyingine inayotumia fuwele yenye madini ya neodimiamu, na hiyo ndiyo inayohusika sana na habari yetu. Madaktari huiita leza ya YAG.

Kwa nini mwanga uunguze mshipa na kuiacha ngozi? Jibu lilifafanuliwa mwaka 1983 na Rox Anderson na John Parrish, pia wa Boston. Kila kitu mwilini kina rangi ya mwanga kinayoimeza zaidi. Damu tunaiona nyekundu kwa kuwa inameza kijani na manjano, ikaturudishia nyekundu. Ukichagua rangi inayomezwa na damu, ukaituma kwa mpigo mfupi sana, joto linazaliwa ndani ya mshipa kabla halijapata muda wa kusambaa kwa jirani zake. Damu inaganda, kuta za mshipa zinaungua na kushikana, na mwili wenyewe unaufyonza kidogokidogo katika wiki zinazofuata.

Basi mtu atauliza, si itumike hiyo ya manjano? Hutumika, kwa alama nyekundu za juujuu, hasa usoni. Ila ina mapungufu mawili kwa tatizo letu. Haifiki mbali, ikipita kama milimita moja hivi ndani ya ngozi inakuwa imekwisha nguvu. Na rangi hiyohiyo humezwa pia na melanini, ile inayotupa weusi wetu, hivyo kwa ngozi nyeusi inaweza kuunguza juu na kuacha baka jeupe au jeusi. Leza ya YAG hutoa mwanga usioonekana kwa jicho, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064. Damu huumeza kwa kiasi kidogo zaidi, melanini nayo kidogo zaidi, kwa hiyo hupenya milimita kadhaa, kama 5 hivi, hadi kwenye mishipa iliyoko chini. Kwa watu wa rangi yetu hilo si jambo dogo, na mgonjwa ana haki ya kuuliza, "Daktari, hii ni leza ya aina gani, na umeshaitumia kwa ngozi kama yangu?" Kijana wetu aliuliza. Daktari, nilivyoambiwa, alifurahi kuulizwa.

Kabla ya kusafiri kwenda huko kwenye mashine, jambo lilipita kwanza katika kamati, kwa sababu nauli ilihitaji kutoka kwenye mfuko wetu wa wagonjwa. Nilieleza kuwa kijana wa msikiti ana uvimbe wa mishipa ya damu. Mjumbe mmoja, mtu mzima ninayemheshimu kama baba, akauliza uvimbe uko wapi. Nikajibu, "Mwilini." Wakacheka, na naamini wengi walielewa. Mzee hakucheka. Akauliza mambo mawili: kwanza, kama fedha za waumini zinafaa kutumika kwa kitu kisichoua, pili, kama kuunguza huku si kule kutia moto ambako Mtume (s.a.w.) hakukupenda.

La pili ndilo lililonifurahisha kulijibu, maana chuoni tulilisoma. Ni kweli Mtume (s.a.w.) alionyesha kutopenda tiba ya kuchoma kwa chuma cha moto. Lakini imepokewa pia kuwa alimpelekea Ubayy bin Kaab tabibu, akamkata mshipa kisha akauchoma, na kwamba Saad bin Muadh alipojeruhiwa alitibiwa kwa kuchomwa. Wanachuoni wakazikusanya habari hizo kwa kusema kuwa karaha ni pale penye njia nyepesi zaidi, au pale mtu anapoitakidi kuwa moto wenyewe ndio unaoponya. Penye haja na ujuzi, hakuna ubaya. Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusi aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliianza sehemu ya upasuaji ya kitabu chake al-Tasrif kwa mlango wa kuchoma. Chuma chake kiliunguza kila kilichokigusa, ngozi na mshipa na fahamu kwa pamoja. Nikamwambia mzee, laiti Zahrawi angepewa moto unaochagua, sidhani angeukataa.

Kuhusu fedha hatukukubaliana kwa urahisi. Mimi niliona, na bado naona, kwamba ugonjwa unaomzuia mtu kuoa una haki sawa na mguu uliovunjika. Kamati ikapitisha nauli ya watu wawili. Matibabu alilipa mwenyewe kwa msaada wa mjomba wake, maana bima yake ililihesabu jambo hilo kuwa la urembo.

Neno hilo "urembo" limetumika vibaya sana. Kuna ndugu wanaodhani kuondoa uvimbe usiouma ni kubadili maumbile ya Allah. Arfaja bin Asad alikatwa pua vitani, akaweka ya fedha ikamletea harufu, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Kuondoa kasoro inayomuudhi mtu si sawa na kutafuta uzuri wa kujionyesha.

Tiba yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko safari. Alidungwa sindano ya ganzi, wote chumbani wakavaa miwani maalumu. Miwani hiyo si ya mapambo. Kwa kuwa mwanga huu hauonekani, jicho halipepesi ili kujikinga, na miali ikiliingia huunguza sehemu ya nyuma ya jicho. Daktari huongozwa na kinuru kidogo cha rangi kinachotangulia kuonyesha miali itaangukia wapi. Baadhi yao huweka kipande cha barafu safi juu ya uvimbe na kupitisha mwanga ndani yake. Barafu inaipoza ngozi ya juu, mwanga unapita, na joto linakwenda kutokea chini kwenye mshipa. Kila mara mwanga ulipopigwa, kinundu kilisinyaa kidogo na kugeuka rangi ya majivu. Daktari alipoona hivyo aliacha. Anayetaka kumaliza vyote siku moja huunguza kupita kiasi, na hapo ndipo makovu yanapotokea. Ni bora kurudi baada ya wiki 6 hadi 8.

Siku zilizofuata palivimba, pakatoka majimaji, kisha gamba jeusi ambalo alikatazwa kulibandua. Kwa vidonda vya aina hii kupona huchukua wiki kadhaa. Jimai ni marufuku mpaka pafunge kabisa, na mwenye mke asione haya kumweleza sababu. Yanayoweza kutokea kwa wachache ni kidonda kirefu zaidi, kovu, au mabadiliko ya rangi. Mkojo ukizuilika, damu isipokata, au homa ikipanda, hilo ni la kurudi hospitali usiku huohuo.

Na leza si jibu la kila uvimbe. Ule mkubwa, au ulioingia ndani ya mwili wa dhakari, huhitaji kupimwa kwanza kwa MRI, na pengine kutibiwa kwa upasuaji au sindano pamoja na leza. Mashine hizi haziko katika kila hospitali. Njia iliyonyooka ni kuanza kwa daktari wa kawaida, akupe rufaa kwa bingwa wa mfumo wa mkojo au wa ngozi, na yeye ndiye atakayekuambia wapi. Kwa Tanzania, KCMC ya Moshi ina kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi na pia idara ya mfumo wa mkojo; wengi wa madaktari wetu wa ngozi wamepitia pale.

Nilipoanza kuuliza habari hizi, wazee wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walinivuta pembeni kunieleza vinukta vyeusi vya zambarau kwenye mfuko wa korodani. Nao niliwapeleka kwa daktari. Vinukta hivyo huitwa anjiokeratoma. Vilielezwa na John Fordyce, daktari wa ngozi wa Marekani, mwaka 1896. Ni vya kawaida zaidi kuliko uvimbe wa hashafa, huongezeka kadiri umri unavyosogea, na aghalabu havihitaji dawa yoyote. Vikitoka damu mara kwa mara kwa kukwaruzwa na nguo, leza huweza kuviziba. Mmoja wa wazee hao alikuwa ameacha kulala chumba kimoja na mkewe kwa miaka mitatu, akidhani amepata ugonjwa wa kumwambukiza. Miaka mitatu, ndugu zangu, kwa vinukta visivyo na lolote.

Kwa akina mama wenye watoto wachanga habari ni nyingine. Alama nyekundu inayoinuka katika wiki za mwanzo za uhai na kukua haraka miezi ya kwanza huenda ikawa hemanjioma ya kweli, ambayo baadaye husinyaa yenyewe kwa miaka. Nyingi huachwa zikitazamwa tu. Zilizo sehemu za siri, chini ya nepi, zina tabia ya kuchubuka na kuwa kidonda, kwa hiyo zionwe na daktari mapema. Dawa inayotangulizwa kwa hizo zinazohitaji tiba si leza. Ni propranololi, dawa ya moyo na shinikizo la damu. Madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, waligundua kwa bahati kazi yake hii na kuitangaza mwaka 2008, baada ya kumpa mtoto kwa ajili ya moyo wakaona uvimbe wake unasinyaa. Hutolewa kwa uangalizi wa hospitali, kwani hushusha sukari na mapigo ya moyo. Asije mtu akakata kidonge cha bibi akampa mtoto.

Na kabla ya tohara, tafadhali. Mtoto mwenye alama yoyote nyekundu au ya zambarau kwenye dhakari asitahiriwe, iwe siku ya saba au jandoni, mpaka daktari amwone. Sunna ya kuharakisha haikuwekwa ili mtoto avuje damu, na tohara iliyocheleweshwa kwa uzito wa kitabibu haina lawama. Ngariba mwaminifu atakuambia hivyo mwenyewe.

Maswali ya twahara yaliyonifikia nayajibu kwa ufupi kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata. Damu inayotoka kwenye kidonda cha nje haitengui udhu, ila ni najisi ya kuoshwa, na kidogo chake kinasamehewa. Inayotoka ndani ya tundu la mkojo inatengua. Kugusa tupu kwa kiganja bila kizuizi kunatengua udhu wa mwenye kugusa, hata mama anayempaka mtoto wake dawa, kwa hiyo apake kwanza kisha atawadhe, au avae glavu. Daktari akikataza maji yasifike kwenye kidonda, mtu ataosha palipo pazima na kutayamamu kwa ajili ya palipojeruhiwa, iwe ni kwa udhu au josho. Na kufunua tupu mbele ya tabibu kunajuzu kwa haja, kwa kiasi cha haja. Aanzwe daktari mwanamume akiwepo. Asipokuwepo mwenye ujuzi ila mwanamke, haja haifungwi mlango.

Lilibaki la mchumba. Kijana aliniuliza kama ni wajibu amwambie. Wanachuoni wetu wamezihesabu aibu zinazompa mke hiari ya kuvunja ndoa: wazimu, ukoma, mbalanga, kukatika kwa dhakari, na kushindwa jimai. Kinundu cha mishipa ya damu hakimo. Kisheria basi hakudaiwa. Lakini ameahirisha mara mbili, na upande wa pili wameanza kunong'ona. Nikamshauri aseme, kwa adabu, kupitia shangazi yake ambaye ni mtu wa siri. Binti akajibu kwa sentensi moja: kwa nini hakusema mapema, yeye alidhani amepata mwingine.

Alirudi kwa leza mara ya pili baada ya miezi miwili, kwa kipande kidogo kilichosalia pembeni. Daktari alimtaka asubiri wiki sita, naye akasubiri nane. Sasa katika daftari la nikahi kuna tarehe mbili zilizopigwa mstari na ya tatu chini yake, yenye saini za walii na mashahidi wawili. Mjumbe wetu yule aliyeuliza maswali ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza.